Kibali cha Kulowa Nje ya Nchi

Karani wa masijala hakuwa na gari. Hakuwa na kitambi, hakuwa na mjomba serikalini, wala hakuwa na kiti cha kuzunguka kama wenzake wa ghorofa ya tatu. Dirisha hakuwa nalo. Ile sauti nzito inayomfanya mlinzi akimbilie geti kabla ya kuuliza jina, hakuwa nayo pia. Yote hayo alikuwa ameyazoea kwa miaka kumi na tisa, na ukimwuliza habari angekujibu nzuri. Kilichomnyima raha sasa kilikuwa kimoja tu: hakuwa na Kibali cha Kulowa Nje ya Nchi.

Kibali hicho kilizinduliwa kwa heshima zote. Mkurugenzi wa Idara ya Mapumziko ya Watumishi, ambamo karani alifanya kazi, alisimama ukumbini mbele ya vipaza sauti vinne, kimoja kati yake kikifanya kazi, akatangaza:

"Kuanzia leo, hakuna mtumishi atakayepumzika kiholela! Uchunguzi wa kina umebaini kuwa watumishi wanaokwenda likizo ufukweni, nje ya nchi, hurudi wakiwa wamepumzika. Hali hii inaleta matabaka kazini."

Watu walipiga makofi. Karani naye alipiga, tena kwa nguvu, kwa kuwa hakuwa na safari yoyote.

Safari ilikuja mwezi wa sita, kwa simu. Dada yake alikuwa ng'ambo mwaka wa saba huo, akitandika vitanda katika hoteli ndogo kando ya bahari.

"Kaka, mwenye hoteli kanipa chumba cha familia," alisema dada. "Siku saba, wiki ya mwisho ya likizo ya watoto. Huku ni joto, bahari imetulia kama maji ya beseni. Njooni. Mwakani hoteli inavunjwa, na mimi sijui nitatupwa wapi. Huyo mwanao mdogo mpaka leo ananijua kwa picha tu."

Basi nyumba ikawa haikaliki. Mkewe, fundi cherehani, alishona nguo tatu za kuogelea kwa mabaki ya mapazia ya mteja. Binti mkubwa alisoma habari za mawimbi mpaka akaanza kumsahihisha baba yake. Wa kati alitaka kujua kama papa hula watu wembamba. Kitinda mimba, wa miaka sita, aliogelea kila jioni juu ya mkeka, kutoka mlangoni mpaka kabatini, akifika anapumua kwa nguvu na kuuliza, "Shangazi ataniona?"

"Atakuona," baba alijibu. Alipolisema hilo ndipo alipojifunga.

Kwa mujibu wa kanuni, kibali kilitanguliwa na Cheti cha Uchovu, na uchovu ulithibitishwa kwa usaili wa familia nzima. Walifika saa mbili kamili asubuhi. Kamati iliketi saa sita. Kulikuwa na Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenyekiti; Afisa Takwimu, aliyeandika kila kitu; na bwana mmoja mpole aliyetambulishwa kama Mjumbe wa Mchanga.

"Mama," Mkurugenzi alianza, "huko ufukweni mnakwenda kufanya nini hasa?"

"Kukaa, mheshimiwa."

"Kukaa kwa namna gani?"

Mke wa karani alimtazama mumewe, kisha akamtazama Mkurugenzi. "Kwa makalio."

Afisa Takwimu aliandika: makalio.

"Na wewe, mwanangu," Mkurugenzi alimgeukia kitinda mimba kwa tabasamu la kwenye kalenda. "Umechoka?"

"Ndiyo."

"Umechoshwa na nini?"

"Na nyie."

Karani alitamani sakafu ipasuke. Lakini Mjumbe wa Mchanga aliunga mkono: alisema jibu hilo ni la kweli, linapimika, na lipewe alama. Kamati ikaridhika kuwa familia ilikuwa imechoka kwa kiwango cha wastani, chenye dalili za kuendelea.

"Tumebakiwa na kizingiti kidogo tu, ndugu yangu," Mkurugenzi akasema, akifunga faili. "Ufukwe wenyewe haujahakikiwa. Hatujui mchanga wake, hatujui mteremko wa maji. Je, ukifika ukakuta hakuna bahari?"

"Dada yangu anaiona kila siku, mheshimiwa."

"Dada yako ni mtumishi wa umma?"

"Hapana."

"Basi hajaiona. Kamati itakwenda kuhakiki, siku saba, wiki ile inayotangulia ya kwako. Ijumaa tunarudi, tunasaini, Jumamosi unapaa na wanao. Na ili haki itendeke, kwa kuwa wewe unasafiri na familia, na sisi itabidi tusafiri na familia. Hiyo hoteli inaitwaje?"

Karani, aliyezoea kujibu maswali ya wakubwa kabla ya kuyafikiria, akaitaja.

Kamati iliondoka Ijumaa na wake watatu, watoto kumi na mmoja, na boya lenye umbo la bata. Kabla ya kuondoka, Mkurugenzi alikumbuka kuwa ofisi ya umma haiachwi bila kichwa. Wakuu wote walikuwa safarini au walikuwa wameumwa ghafla kwa kukosa safari. Akamkabidhi karani barua ya Kaimu Mkurugenzi, pamoja na muhuri.

"Kazi yako ni moja," alimwambia. "Usifanye chochote."

Kaimu Mkurugenzi alitii. Siku sita hakufanya chochote, tena kwa ukamilifu ambao idara haikuwahi kuushuhudia. Siku ya saba, Alhamisi, dada yake alipiga simu.

"Kaka, hawa watu wako ni watu gani? Wamesema wanaongeza wiki!"

"Wiki gani?"

"Hiyo hiyo yenu! Eti maji hupanda na kushuka, kwa hiyo lazima wayaangalie tena. Mkubwa wao amehamia chumba chenu. Nimemwambia hicho ni cha ndugu yangu, akanijibu anakihakiki kitanda. Amekihakiki mpaka saa tano asubuhi, nashindwa kutandika!"

"Sasa hivi yuko wapi?"

"Amefukiwa mchangani. Watoto wake wamemfukia mpaka shingoni, kichwa tu ndicho kimebaki, kimevishwa ndoo. Anakoroma kaka, na wenzake wawili wamelala kando yake tangu asubuhi, watalii wanawapiga picha."

Karani aliporudi nyumbani, mkewe aliisoma habari yote usoni mwake kabla hajasimuliwa ile ya ndoo. Watoto walikuwa wanapanga nguo begini.

"Sasa wewe si ndiye Mkurugenzi?" mke aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kaimu."

"Kaimu anasaini?"

"Anasaini."

"Basi saini twende zetu, baba watoto."

"Siwezi kujisainia mwenyewe. Kanuni inakataza."

"Kanuni!" Mke alivuta uzi na kuukata kwa meno. "Mwenzio amelala kwenye kitanda chetu na ndoo kichwani, wewe unaniletea kanuni."

Asubuhi ya Ijumaa karani alifika ofisini kabla ya wafagiaji, akalitoa lile buku la Kanuni za Mapumziko, kurasa mia mbili na kumi, ambalo kwa hali ya jalada lake lilikuwa halijafunguliwa tangu lichapishwe. Alilisoma lote kwa rula, mstari kwa mstari. Na kwa kweli lilikuwa limeandikwa vizuri. Ukurasa wa themanini ulisema kuwa mtumishi akionekana nje ya nchi amefumba macho kwa zaidi ya dakika kumi, huyo anapumzika, awe na madhumuni yoyote yale. Ukurasa wa tisini na tatu ulisema kuwa anayepumzika bila kibali amejivua ujumbe wa Kamati. Wa mia na nne ulisema kuwa nafasi za Kamati zikiwa wazi, Kaimu ataziziba kwa watumishi waliopo.

Alitoka nje kuwatafuta watumishi waliopo. Walikuwa watatu: mlinzi wa geti, mama anayepika chai, na dereva ambaye gari lake lilikuwa juu ya mawe tangu mwaka juzi.

Kamati mpya iliketi saa nne, kwenye kibanda cha mlinzi, kwa sababu geti lilihitaji mtu. Mlinzi alichaguliwa mwenyekiti kwa kuwa ndiye mwenye kofia.

"Mwombaji, umechoka?" akauliza.

"Nimechoka, mheshimiwa mwenyekiti."

"Nakuona kila asubuhi. Unapita hapa kama umebeba friji." Aliwageukia wenzake. "Kuna mwenye swali?"

"Watoto wanajua kuogelea?" mama wa chai akauliza.

"Mdogo anajua, lakini ameogelea kwenye mkeka tu."

"Basi mwache akajaribu kwenye maji. Mimi nimepitisha."

"Hata mimi," dereva akasema. "Na shangazi mtu apewe salamu zetu."

Usaili ulichukua dakika nne. Kibali kilisainiwa na mlinzi, kwa herufi kubwa na za kupendeza. Kaimu Mkurugenzi alihakikisha kila nukta, kwa maana hakutaka kesho mtu aje kumwambia kwamba wanawe waliiona bahari kinyume cha utaratibu.

Kisha akarudi mezani na kuandika barua. Aliiandika kwa mkono, akaisoma kwa sauti, akafuta neno "tafadhali":

"Mkurugenzi (aliyepumzika). Yah: Kuondoka Chumbani. Rejea usingizi wako wa Alhamisi. Unaagizwa kukiacha chumba cha familia kabla ya Jumamosi saa sita mchana, kikiwa kimetandikwa. Aidha, wewe na wenzako mtarejea nchini mkiwa mmepumzika, hali inayoleta matabaka kazini. Kwa hiyo hamtaingia ofisini hadi mtakapothibitika kuwa mmechoka. Usaili utafanyika getini, wewe, mama na watoto wote. Mfike saa mbili kamili. Kamati itaketi saa sita."

Mlinzi, aliyeitwa kushuhudia, alikuna shingo.

"Na wakikata rufaa, bosi?"

"Rufaa hupelekwa kwa Mwenyekiti wa Kamati."

"Mwenyekiti si mimi?"

"Ni wewe."

Mlinzi alilitafakari jambo hilo kwa uzito wa mtu ambaye kwa miaka kumi na moja alikuwa akipigiwa honi. "Basi ongeza hapo chini waje na viti vyao," akasema. "Vya getini ni vya wajumbe."

Kaimu aliongeza. Aliipiga picha barua ile na kumtumia dada yake, aichapishe na kuitia chini ya mlango mapema, kabla ya kutandika. Nakala halisi aliikunja mara tatu, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akaulamba ukingo wake kutoka mwanzo mpaka mwisho, akagonga muhuri juu ya mfuniko, akamkabidhi dereva, na dereva akaondoka nayo kwa miguu kuelekea posta.