Wimbo wa Bwana Kadogo

Jumatatu, 24 Februari 1997

Siku ya heshima! Komanda wa kambi ametuita bandarini tuwaimbie askari wake wapate moyo wa kupigana. Kundi zima limeitika: akina mama, Isidore na ngoma yake, na mimi Bulaimu, kiongozi wa animasio, yaani nyimbo na ngoma za chama, hapa mtaani Kasuku kwa miaka ishirini. Kinshasa wanasema siku hizi vyama ni vingi. Huku tunajua kimoja tu, na nyimbo zake zote ninazo kichwani. Tulivaa vikwembe, vitenge vya chama, mwenge wa moto mgongoni. Tukamsifu Raisi mpaka koo zikakauka.

Askari hawakucheza. Walikuwa wanapakia magodoro kwenye mitumbwi. Magodoro! Nikamuuliza mmoja kama vita viko ng'ambo ya mto. Akanijibu kwa Kilingala, maneno ambayo siandiki.

Jumanne, 25 Februari

Mwavita, mke wangu, anauza mawese sokoni. Leo amerudi akihema, na mawese hajayamaliza. Anasema waasi wako karibu. Soko lote linasema kadogo wamefika Kalima, kadogo hawana mchezo, kadogo wamekimbiza batayo nzima ya askari. Nikamuuliza huyo Kadogo ni nani. Akasema hajui, yeye amesikia tu "kadogo njo wanakuja".

Wanamtaja kwa wingi! Kwa heshima! Basi ni mtu mkubwa kweli.

Isidore anasema waasi wakijua tuliimbia chama watatuchapa, au watatupiga risasi. Anataka tujifungie nyumbani, tunyamaze. Huyu anatamani uongozi wangu tangu zamani, najua. Lakini usingizi hauji. Niko na watoto watano na shingo moja tu.

Mwavita anataka nichome kikwembe. Nichome? Waksi ya kweli, siyo ile ya bei rahisi yenye rangi upande mmoja!

Jumatano, 26 Februari

Nimepata! Vikwembe tutavigeuza ndani nje. Na wimbo ubaki ule ule: jina la Raisi litoke, la Kadogo liingie. Tena linakaa vizuri zaidi!

"Kadogo mkubwa wetu, Kadogo baba wa taifa, mbele ya Kadogo wote ni wadogo."

Isidore akacheka kwa pua. Wivu.

Mazoezi tumefanyia Mikelenge, kwa mama Adolphine, mwimbishaji wetu. Kila mara alimtaja Raisi. Mdomo umezoea. Nilimwambia akikosea siku yenyewe, mimi ni maiti. Akasema nisimtishe, yeye pia iko na shingo.

Ijumaa, 28 Februari

Niko hai! Alhamdulillahi, niko hai!

Jana askari wote wa kambi walivuka mto, na magodoro yao. Leo asubuhi waasi wakaingia kwa miguu, viatu vya mpira, kimya. Sisi tayari tumejipanga barabarani. Mbele alikuja mwanamume mrefu, macho mekundu, bastola kiunoni. Nikajua tu: Kadogo huyu! Nikainua mkono, Adolphine akaimba. Jina hakukosea, Mungu ambariki.

Yule mrefu akasimama. Safu ikasimama nyuma yake, ndipo nikaona. Watoto! Wa umri wa mwanangu Hamadi, bunduki karibu zinaburutika chini. Wakatazamana. Mmoja akajigusa kifua, akauliza kama ni yeye njo baba wa taifa.

Isidore akaninong'oneza kwamba kadogo ni hawa watoto, wanaitwa hivyo wote, na hakuna Bwana Kadogo duniani. Alijua! Alijua tangu mazoezi!

Nikageuka nikimbie. Kosa! Waksi ya kweli inaonekana pande zote mbili. Mwenge wa chama ulikuwa unawaka mgongoni kwangu kama kawaida. Mrefu akatoa bastola, akauliza picha hii ni ya nini. Nikasema ni jiko.

Suruali yangu ililowa, siwezi kuficha. Nikawaza watoto wangu mmoja mmoja.

Mara kadogo mmoja akarudia, "Jiko!" Wakacheka wote, mwingine mpaka akakaa chini barabarani. Kisha wakamwonyesha yule mrefu kidole wakaimba: mbele ya Kadogo wote ni wadogo! Mdomo wake ukaanza kutetemeka. Akacheka. Bastola ikarudi kiunoni, akatuamuru tuanze upya.

Tuliimba mpaka jua likawa kali. Watoto wakacheza. Aliye mdogo kuliko wote akamuuliza Adolphine kama anajua wimbo wa kubembelezea mtoto alale. Adolphine akamwimbia. Akasikiliza akiwa amekumbatia bunduki, na hapo hakuna aliyecheka.

Hakuna aliyechapwa. Nyumbani Mwavita amelia, amecheka, kisha amenifinya mkono, bado unauma. Sijapata kufurahia maumivu namna hii.

Jumapili, 2 Machi

Nimelala vizuri. Nimekula sombe na samaki. Isidore anasema tumeponea chupuchupu, sasa tuache kuimbia wakubwa, tulime mihogo kule Mikelenge. Mihogo! Mimi!

Mimi nimepata fundisho langu: jina ulihakikishe kwanza. Kwa hiyo asubuhi nzima nimesimama nje ya ofisi ya waasi, nimesikiliza kwa masikio yangu mwenyewe. Yule mrefu anaitwa Afande. Na yule mwembamba wa redio pia ni Afande. Na yule anayelinda stoo ya mchele. Ukoo mkubwa, na wote wamepewa kazi. Serikali ni ile ile!

Safari hii sikubahatisha. Nilimuuliza kadogo wa mlangoni mkubwa wake anaitwa nani. Akasimama wima, akasema, "Afande!" Ushahidi gani tena?

Wimbo uko tayari: "Ukoo wa Afande, taa ya Maniema". Kesho tunaimba. Nimemsomea Isidore. Amecheka tena kwa pua.

Wivu utamuua mtu huyu.