Sadaka ya Ijumaa kwenye Uchochoro wa Maskini

Jamani, leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, tena nikiwa nimevaa shati la kuazima.

Bi Rukia ni mfanyabiashara wa Unguja. Hapa Guangzhou ananunua soksi na fulana, anapeleka nyumbani. Stoo aliyokuwa akiitumia mtaa wa Xiaobei inabomolewa, na mizigo ilitakiwa iwe nje kabla ya jioni. Dalali, dada wa Kichina tunayemwita Lili, akamtafutia nyingine. Ilibaki kuonana na mwenye nyumba tu, mzee ambaye Lili alituonya habari zake: akikupenda anakupa funguo, asipokupenda hata uje na waziri. Bi Rukia akanichukua niwe mkalimani wa upande wake. (Kichina changu ni cha sokoni: bei gani, ghali, punguza. Hilo sikumwambia.)

Tukafika mapema, Lili bado. Mwanzo wa uchochoro kuna kibao cha jina ukutani. Mimi niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo siwezi kulipita neno nisilolijua. Nikakipiga picha kwa simu ili initafsirie maelezo yake, nikaanza kusoma.

"Bi Rukia, unajua hapa ni wapi? Yangjiyuan! Ndivyo walivyoiita nyumba ya serikali ya kutunzia maskini. Wazee wasio na watoto, wajane, vipofu. Wanapewa mchele na pa kulala."

"Kumbe na wao wanazo?"

"Tangu enzi za wafalme wao!" (Maelezo yalikuwa marefu. Nilisoma nusu ya juu.)

"Na leo Ijumaa," akasema Bi Rukia.

Kwake Ijumaa haipiti bila sadaka. Huku amekuwa akihangaika, anazunguka na mfuko wa mkate na machungwa, hapati wa kumpa. Wiki iliyopita alimpa mlinzi wa hoteli, mlinzi akadhani anahongwa.

"Mwanangu, hao maskini wenyewe wako wapi?"

Nikachungulia ndani. Alikuwepo mzee mmoja kwenye kiti kidogo cha plastiki. Ndala. Kaptula. Fulana yenye tundu begani la kupitisha ngumi. Anajipepea kwa kipande cha boksi.

Nikasema, kwa sauti ya mtaalamu, "Yule pale."

Nikampa mfuko kwa mikono miwili. Mzee akasema, "Bu yao, bu yao." Hataki.

"Anasemaje?"

"Anaona haya, maskini."

Nikamwekea mapajani. Akanirudishia. Nikamwekea tena. (Tuliendelea hivyo kwa muda.) Mwishowe akachoka, akaushika. Lakini lile tundu likaniuma. Nikachomoa fulana mpya kwenye sampuli alizobeba Bi Rukia, nikamvalisha. Kwa mikono yangu mwenyewe! Shingo iligoma, nikavuta. Kichwa kikatokea, nywele zimesimama. Bi Rukia akainua mikono kumwombea dua, machozi yakimlengalenga.

Hapo Lili akaingia mbio, akainama kwa adabu.

"Laoban!"

Laoban ni bosi. Nikageuka kumtafuta huyo bosi. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

"Lili, mwenye nyumba yuko wapi?"

"Wewe unamvalisha nguo," akasema Lili, kwa Kiswahili alichojifunza kwetu. "Nyumba hii yake. Ile yake. Ile ndefu, yake pia."

Mzee akaingiza mkono kwenye kaptula, akatoa furushi la funguo kubwa kama kichwa cha mtoto.

Bi Rukia hakunitazama. Akasema taratibu, "Nyumba ya maskini."

"Ilikuwepo, Bi Rukia. Zamani. Siku hizi limebaki jina tu." (Hiyo ndiyo nusu ya chini.)

"Na wewe ukishuka Mnazi Mmoja, huwa unatafuta nazi?"

Mvua ikaanza kudondoka, na mimi nikaziona akilini soksi za watu zikilowa barabarani kwa kosa langu. Lili akamweleza mzee yote: Ijumaa, sadaka, kibao, na mimi. Mzee akasikiliza bila kucheka. Akamenya chungwa. Akalila lote. Kisha akaongea, Lili akatafsiri.

"Anasema mama ana moyo mzuri. Stoo anapata."

"Alhamdulillahi!"

"Anauliza, huyu kijana ana mke?"

"Hana," akajibu Bi Rukia, kabla sijafungua mdomo.

"Ana nyumba?"

"Analala kwa rafiki zake. Kwa zamu."

"Shule?"

"Aliikimbia."

Kila jibu lilipotafsiriwa, mzee alitikisa kichwa kwa huzuni. Halafu akautoa ule mkate kwenye mfuko, akanipa. Kwa mikono miwili.

Nikasema, "Bu yao."

Akanirudishia. Nikakataa. Akanirudishia tena.

"Chukua, mwanangu," akasema Bi Rukia. "Anajua unaona haya, maskini."

"Anasema nyuma ya stoo kuna nafasi," Lili akamalizia. "Ulale hapo. Hulipi. Unalinda soksi."

Nawaandikia nikiwa juu ya marobota ya soksi, nakula mkate wa sadaka. Kwa mnaopenda maneno: yangjiyuan, nyumba ya zamani ya kutunzia watu wasio na kwao. Haipo tena popote, ila hapa, tangu leo mchana, na mkazi ni mmoja.

Mnaotaka kuja kunicheka, karibuni. Ijumaa ndiyo siku nzuri, na msije mikono mitupu.