Kuhusu Maji Uliyoyasifu, Bwana Afya

Mchafukoge, Dar es Salaam
Alhamisi, 14 Juni 1934

Kwa Bwana Afya wa Mji, mwenye hadhi yake,

Nakuandikia nikiwa nimekaa wima, nimevaa kanzu iliyofuliwa mara tatu tangu siku niliyotumbukia. Mimi ni Muhiddin bin Sheikhan, mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa, na katibu wa Kamati ya Kulalamikia Bomba. Ukatibu huu sikuutafuta. Katika watu kumi na saba waliohudhuria, mimi peke yangu ndiye niliyekuja na wino.

Kama ujuavyo, bomba la vyoo vya nyumba za wakubwa linamwaga uchafu baharini nyuma ya maghala ya bandari. Hapo ndipo mama yangu, Bi Mauza, alipokuwa akienda kila Alhamisi kukaa majini hadi kiunoni kwa ajili ya magoti yake, na hakuna dawa nyingine iliyowahi kumpa nafuu. Tangu bomba lije alikuwa akirudi na vipele mwili mzima, mwishowe akaacha. Sasa hata kitandani hapandi mpaka ashikwe mikono. Jambo hili linaniuma, Bwana, nami si mtu wa kelele.

Ulitwambia tulete maji yapimwe, tukaleta chupa. Jana, baada ya siku kumi na mbili, tumepata majibu yako. Malalamiko yetu ni haya:

1. Umeandika kwamba maji ni safi. Bwana, mimi nilitumbukia humo mbele ya kamati nzima nilipoinama kuyateka, na aliyenitoa ni Theophil, yule muuza vitunguu wa Kariakoo aliyetoka Kilimanjaro, kwa kunivuta kilemba. Tangu siku hiyo mke wangu Azza ananiandalia chakula barazani, peke yangu. Mtu aliyeoga maji safi halishwi barazani.

2. Umeandika kwamba hayana harufu. Hili limetuvunja nguvu, kwa kuwa hata Theophil alisema hivyo hivyo. Tulipokuwa mezani kwa karani wako aliinusa chupa, akaninong'oneza, "Bwana Muhiddin, mbona haya hayanuki?" Nikamwambia watu wa milimani hawaijui bahari, anyamaze. Sasa ananitazama kwa jicho ambalo silipendi.

3. Umeandika kwamba yana chumvi chembe tu, kama maji ya kisima. Mimi nauza chumvi mwaka wa ishirini huu, na bahari isiyo na chumvi sijapata kuisikia. Kamati ililijadili jambo hili kutoka alasiri hadi magharibi. Kwa hoja yangu mwenyewe, niliyoitoa nikiwa nimesimama juu ya sanduku, ikaamuliwa kwamba uchafu wa bomba umezidi hata chumvi imeshindwa kuishi humo, ikahama. Kwa hiyo, mbali na bomba, tunalalamikia pia kufukuzwa kwa chumvi.

4. Umemalizia kwamba yanafaa kunywewa. Tumefurahi sana. Kamati imeazimia kukuletea nyumbani madebe ishirini ya maji hayo kila asubuhi, ya kunywa, ya chai na ya kuoga, wewe na wageni wako. Madebe tunayo, na Theophil ametoa mkokoteni wake. Ukiona ishirini hayatoshi, sema tu.

5. Kamati yenyewe imepungua. Majibu yako yaliposomwa kwa sauti watu walicheka hadi mmoja akashikwa na kwikwi, wakaondoka wakisema katibu amepigania maji ya kunywa. Tumebaki wawili, na Theophil naye nadhani anaungojea mkokoteni wake, ulio uani kwangu.

6. Mama hakuyaamini majibu yako. Amesema magoti yake yanajua kuliko darubini, baharini harudi, na kama ni lazima atatumia akiba yake. Mama mzima kufikishwa hapo, Bwana, ni aibu kwa mji, na kwangu mimi mwanawe ni aibu zaidi.

Tunaomba bomba liondolewe kabla ya mwezi kuandama.

Mpe salamu mpimaji, mpe karani wa mezani, wape na wa kwako walioko Ulaya. Azza anakusalimu kutoka ndani, mimi nakusalimu kutoka barazani.

Ni mimi, mtiifu wako ninayeelekea kukauka,
Muhiddin bin Sheikhan, Katibu

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimekwisha kuilamba Azza aliponiita chumbani kwa mama, akasema kuna kitu kimeoza. Tukatafuta panya. Harufu ilikuwa inatoka kwenye kifurushi cheupe juu ya kabati, mahali mama anapoweka chupa ya zamzam aliyoletewa na ndugu yake Ghanim kutoka Hija. Ameitunza miaka sita, anyunyiziwe sanda yake siku atakayokufa. Ni chupa ya marashi, imefungwa kitambaa cheupe. Yetu ya bahari nayo ilikuwa chupa ya marashi. Niliifunga kitambaa cheupe kwa heshima ya ofisi yako, nikaiweka juu ya kabati hilo hilo kwa kuwa Azza aliikataa jikoni. Siku ya kuja ofisini kwako nikachukua moja.

Basi majibu yako yote ni ya kweli, na malalamiko yangu nayafuta, nikianza na lile la chumvi. Bomba bado linamwaga. Chupa yenyewe nitakuletea, Theophil akiwa ameinusa kwanza.

Lakini leo naomba jambo moja tu: unirudishie yaliyobaki, hata kama ni kijiko. Mama hajajua, na siku hizi pua yake haishiki harufu. Sasa hivi amekaa kitandani, ameikumbatia ile chupa iliyobaki akidhani ni akiba yake ya zamzam, anataka tumfungulie apake magoti, kwa kuwa baharini haendi tena. Nimemwambia kizibo kimekwama. Amenijibu nisijisumbue, ameagiza aitwe Theophil.