Gari Lililowashinda Wamarekani

Siku Rutagengwa alipolitazama vizuri kwa mara ya kwanza, gari la bibi Nyirahabimana lilikuwa limekaa miaka thelathini na saba mahali pamoja, likilitazama ziwa, na Gisenyi nzima ilikuwa imeshalisema mpaka ikachoka.

Lilikuwa gari la Kimarekani, Edsel ya mwaka wa hamsini na nane, juu rangi ya maziwa yaliyolala, chini kijani kilichokata tamaa. Magari mengine mdomo wao umelala, kama wa samaki, kama wa kiumbe chochote chenye adabu. La huyu bibi mdomo ulisimama wima katikati ya uso, mrefu, umezungushiwa chuma. Wavuvi walisema ni mtu aliyeuma ndimu. Walimu wa Nyundo, watu waliosoma, walisema ni kiti cha choo cha Wazungu. Askari mmoja aliyekuja juzi tu alilizunguka mara mbili, akasema ni mtu aliyepewa habari ya msiba akabaki hivyo hivyo. Mbelgiji wa kahawa ndiye aliyelileta, na alipoondoka alimwachia mpishi wake kama shukrani. Wapo waliosema kwamba katika mambo yote ya ukoloni, hilo ndilo lililouma zaidi. Mpishi alishakufa. Mjane wake, ambaye mji mzima ulimwita mukecuru, yaani bi kizee, kwa heshima, aliwaacha kuku watage kwenye kiti cha nyuma.

Rutagengwa naye alikuwa amerudi kutoka Mwanza, alikokulia, na suti moja na Kiswahili kilichonyooka. Suti ilianza kuchoka. Kiswahili kilikuwa bado kipya, na Gisenyi, ambako watu wanakikata Kiswahili kama kuni, mtu akisema "ningependelea kufahamu" anaaminiwa kabla hajafahamu chochote. Kwa ulimi huo alishawauzia wavuvi kibali ambacho hakuna ofisi iliyowahi kukitoa, na akina mama dawa ya kuzuia moshi wa volkano usinukishe nguo kambani. Hakuwa mwizi. Mwizi anachukua kitu, Rutagengwa alipewa.

Sasa alihitaji ng'ombe, na ng'ombe hapatikani kwa kibali. Kule Kanama kulikuwa na msichana aitwaye Ingabire, na baba yake, mzee Ngoga, alikuwa amesema neno moja tu: ng'ombe wa mahari aonekane Jumamosi, la sivyo Manzi mwenye minibasi aingie ndani akae. Leo ilikuwa Jumanne. Rutagengwa alimpenda Ingabire kweli, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe kuliko mtu yeyote.

Alikuwa ameketi juu ya jiwe karibu na lango la mukecuru, akionja sambaza za Xavérine, muuza samaki, bila dalili ya kununua, ndipo Vénuste akasimama barabarani. Vénuste alikuwa mfanyabiashara wa viazi, mwenye ng'ombe Kanzenze, na mwezi uliopita alikuwa amefungua baa karibu na ufuko. Baa ilikuwa nzuri sana, viti vipya vyote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amevikalia.

"Ile haiko gari," Vénuste alisema, mikono nyuma. "Ile ni azabu. Mutu alichora na macho amefunga."

"Na kila siku unakuya kuangalia azabu," Xavérine akamjibu. "Dakika kumi na tano. Samaki hununue, salamu hutoe."

Rutagengwa aliacha kutafuna. Mtu anayesimama kila siku kukitukana kitu kimoja, alifikiri, huyo ameshakipenda. Anasubiri tu mtu wa kumruhusu. Akafuta vidole kwa gazeti, akainuka.

"Mzee Vénuste, shikamoo. Unajua magari haya yalitengenezwa kwa miaka mingapi?"

"Sijue."

"Mitatu tu. Kisha kiwanda kikaacha."

"Juu ya nini?"

Hapa mtu mwaminifu angesema kwamba Wamarekani walilitazama, wakatazamana, wakarudi nyumbani na magari yao ya zamani. Rutagengwa hakupenda kwenda mbali na ukweli. Aliugeuza tu upande.

"Yaliwashinda Wamarekani," alisema.

Vénuste aliligeukia gari polepole.

"Toyota ziko ngapi hapa mjini?" Rutagengwa akauliza.

"Mingi. Batu bote iko nayo."

"Na hili?"

"Moja."

"Rwanda nzima?"

"Moja tu."

"Vuka Goma, nenda Bukavu, fika mpaka Kisangani, uliza." Vénuste alikuwa ameshafika Kisangani kwa mawazo na hakuona la pili. Rutagengwa akaendelea: "Njoo uone usukani. Gia zake ni vibonye, viko hapa katikati. Unabonyeza kama radio."

"Na honi?"

Kusema kweli, huko Amerika watu waliotaka kupiga honi walibonyeza hapo katikati, wakabadilisha gia.

"Mwenye gari kama hili hapigi honi, mzee. Watu wanapisha wenyewe."

"Inatembea?"

"Kanisa la Nyundo linatembea?"

Vénuste alibatizwa Nyundo. Alipitisha kidole juu ya ule mdomo uliosimama, taratibu, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani huku muuzaji akitazama kwingine.

"Donc, ni ya nani?"

Ulimi wa Rutagengwa ulikuwa na tabia ya kufika kabla yake. "Ni la kwetu," ulisema. "Mukecuru ni mama yangu."

Xavérine alikohoa. Akainama, akazipanga sambaza ambazo zilikuwa tayari zimepangwa.

"Sikia," Vénuste alisema. "Mi sitaki tuuziane kama batu ya soko. Tufanye kama bagabo, kama banaume. Mi nakupa ngombe, we unanipa gari, tunakuwa barafiki. Alhamisi, mbele ya batu, na pombe."

Rutagengwa hakuwa amelitaja neno ng'ombe hata mara moja. Alijiona kama mtu ambaye Mungu amemfuata kwa miguu tangu Mwanza.

Mukecuru alikuwa ukumbini, anachambua maharage. Rutagengwa alichuchumaa mbele yake na hotuba aliyokuwa ameipanga njiani.

"Mama, gari hili ni mzigo kwako."

"Myaka makumi tatu na saba," mukecuru alisema, "haijaniomba chakula."

"Nitakuondolea bure. Na nitakuletea kitenge kizuri cha Goma, na gunia la viazi. Wewe sema kitu kimoja tu: kwamba mimi ni mwanao."

Alitupa jiwe dogo lililojificha ndani ya maharage. "Niseme mbele ya batu?"

"Mbele ya watu."

"Na bale batu, batakunywa?"

"Watakunywa, mama. Pombe ni ya Vénuste."

Mukecuru alichambua kidogo. Macho yake yalikuwa kwenye sinia, na mdomo wake ulitulia kabisa.

"Mi sikuzalaka kijana," alisema mwishoni. "Nilizalaka babinti tatu, bote balioleka mbali. Bon. Ntasema."

Rutagengwa alitoka akiwaonea huruma wazee. Wanakubali upesi mno. Dunia hii itawamaliza.

Alhamisi saa nne asubuhi uwanja ulijaa. Vénuste alileta madumu mawili ya pombe ya ndizi, wachungaji wake watatu na fimbo zao, na ng'ombe: mtamba mwekundu, pembe ndefu zilizopinda kama mikono ya mwanamke anayecheza. Rutagengwa alimtazama akaona Ingabire, nyumba, na Manzi akigeuza minibasi yake arudi alikotoka. Ili mambo yaende sawa, alikuwepo pia mzee Kimenyi, ambaye huitwa popote ng'ombe anapobadilisha mkono, kwa sababu anajua maneno yote na hanywi kabla ya kuyasema.

"Uyu kijana anatoa gari," Kimenyi alisema. "Kijana ni wa nani?"

Xavérine aliweka beseni chini.

"Ni wangu," mukecuru akasema.

"Ya kuzala?"

"Mwenyewe alisema. Wewe ukiambiwa na mutu mukubwa kama ule, utakatala?"

Wazee walicheka kidogo, wakatikisa vichwa. Kamba ikatiwa mkononi mwa Rutagengwa, naye akasema maneno yanayosemwa, "Vénuste yampaye inka," Vénuste amenipa ng'ombe, mara tatu, kwa Kinyarwanda kilichopitia Mwanza kikachelewa kufika. Mrija ukazunguka. Kila mwanaume alivuta, na kila aliyevuta sasa alikuwa shahidi wa yote yaliyosemwa pale, mpaka siku ya kufa kwake. Kuku walitolewa garini. Watu ishirini wakalisukuma gari nje ya lango, na mdomo wake ukitangulia, kama umeona kitu mbele ambacho wengine hawajakiona.

Rutagengwa hakungoja. Alivuta kamba, akaelekea barabara ya Kanama.

"Unamupeleka wapi?" Kimenyi aliuliza.

"Kwangu, mzee."

"Kwako ni wapi?"

Kwake palikuwa chumba kimoja cha kupanga nyuma ya saluni. Alitafuta namna ya kukifanya kiwe boma, akakosa.

"Kijana hajaoa, haiko na boma," Kimenyi alisema, bila ukali, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Ngombe yake inaingia kwa mama yake. Ama kwenu Tanzania iko namna ingine?"

Kwao Tanzania, kwa wazazi wake, ilikuwa hivyo hivyo. Ila baba yake hakuwahi kupata ng'ombe hata mmoja wa kumfundishia.

Rutagengwa aliwatazama watu. Akisema mukecuru si mama yake, basi gari halikuwa lake kulitoa, na wale wachungaji watatu hawakuwa wamekuja na fimbo kwa ajili ya matembezi. Akinyamaza, ng'ombe hatoki.

Mukecuru alikuja polepole, akaichukua kamba mkononi mwake kama mtu anavyomwondolea mtoto kisu.

"Leta, mutoto yangu. Majani iko kule pembeni ya ziwa. Kesho asubui utakata."

"Mama," alinong'ona, "huyu ni wa mahari. Jumamosi."

"Ni muzuri. Mahari inatolewaka na muzazi. Tutaenda pamoja."

Xavérine aliinua beseni lake. "Felisitasyo, pongezi, Mutanzania," alisema akipita. "Kuzaliwa na suti, si mutu yote anaweza."

Jumamosi walipanda Kanama. Mukecuru alivaa mshanana wake wa harusi, Kimenyi akawa msemaji, na Rutagengwa alipiga pasi suti na kuamini njia nzima kwamba moyo wa mama ungelainika mbele ya bibi harusi. Mzee Ngoga aliwapokea kwa furaha isiyo ya kawaida.

"Tulikuwa tunaogopa," alisema. "Kijana anasema vizuri lakini hatujue kwabo. Mutu haiko na mama, ni upepo. Sasa tumeona mama."

"Ngombe iko," mukecuru akasema. "Iko mu boma yangu, Gisenyi yote imeona. Lakini mufugaji hatoe ngombe yake moja tu mu juma ile ile iliingia. Itazala. Ndama ya kwanza ikiwa jike, ni yenu."

Ngoga aliwatazama ndugu zake. Maneno ya mtu mzima. Wakakubali, na hakuna aliyemuuliza bwana harusi, kwa sababu alikuwa na mzazi.

"Na Manzi?" Rutagengwa alimuuliza Ingabire walipopata nafasi pembeni.

"Manzi tumuache kwanza," Ingabire alisema. "Ananipelekaka soko bure. Ndama ikizaliwa ntamuambia."

Kule ufukoni, Vénuste aliliweka gari mbele ya baa, juu ya mawe manne, akalipaka mafuta ya mawese ling'ae. Wiki ya kwanza watu walikuja kulicheka. Kucheka kukawapa kiu. Wiki ya pili walikuja kubishana: lile ni ndimu au ni choo, na wa msiba nao walikuwa na meza yao karibu na mlango. Watu wa mashirika walishuka kwenye Land Cruiser zao nyeupe kupiga picha, wakakaa. Viti vilianza kuchakaa kama viti vya heshima. Kila uongo wa Rutagengwa ulikuwa umegeuka kweli: gari lilikuwa la pekee, liliwavuta watu, na halikuhitaji kutembea. Ni yeye tu, aliyeusema, ambaye hakupata kitu.

"Rafiki yangu," Vénuste alimwita kila alipopita na mzigo wa majani kichwani. "Bagabo, muone uyu. Nilimupa ngombe."

Mwezi mmoja ulipita hivyo. Viganja vyake vilifanya malengelenge, yakapasuka, yakawa ngozi nyingine. Mukecuru alimpa uji asubuhi, alimshonea mfuko wa koti, na hakukitaja kitenge cha Goma hata siku moja. Asubuhi moja Rutagengwa aliweka majani chini akauliza kile alichokuwa akikihesabu kwa vidole usiku na mchana.

"Mama, ng'ombe ana mimba ya miezi mingapi?"

"Mimba gani? Ule ni mutamba. Hajaonaka dume."

Alikaa juu ya majani.

"Dume iko kwa Vénuste, Kanzenze," mukecuru aliendelea, akimpangusa ng'ombe sikio. "Peleka. Hatakatala, ni rafiki yako."

Basi alipanda Kanzenze, nusu siku kwa miguu, kamba mkononi, suti mwilini kwa kuwa hakuwa na nguo nyingine ya kwendea kwa watu. Mvua ilimkuta malishoni. Dume la Vénuste lilikuwa limelala chini ya mti, kubwa, jeusi, linacheua. Lilimtazama mtamba. Likatazama kwingine.

Rutagengwa alisogea karibu, akasafisha koo. Alilieleza kwamba mtamba huyu alikuwa wa pekee, na kwamba wapo madume huko Masisi waliokuwa wameshauliza habari zake. Alisema angependelea kufahamu msimamo wake kabla ya jua kuzama. Alizungumza vizuri, kwa Kiswahili kile kile ambacho kingeweza kuliuza ziwa lenyewe kwa wavuvi wake.

Dume likafumba macho, likaendelea kucheua.