Bahasha ya Kijana wa Msituni

Jumatatu, 3 Machi
Nimesoma tangazo maktabani. Peke yangu! Neno kwa neno, kidole juu ya mstari. Ruzuku kwa wasanii chipukizi: hela kidogo, na karakana mwaka mzima katika shule ya zamani. Nina miaka sabini na nne, lakini kuchonga dubu kwa msumeno wa injini nimeanza baridi hii hii. Kama huko si kuchipua, ni nini? Hilkka, mke wangu, anataka nimwachie banda lake la kuni, ninamochongea. Nisipopata karakana, msumeno unauzwa. Hatanii. Hajatania tangu tuoane.

Jumatano, 5 Machi
Fomu ina mtego. Eti juu ya maombi uandike jina la kubuni, jina halisi ulitie kwenye bahasha ndogo uifunge, waamuzi wasijue wanamhukumu nani. Hilkka anasema hapa Finland mashindano ni hivyo tangu enzi za babu yake. Ndiyo maana babu yake alikufa maskini! Nimejiita Kijana wa Msituni, nikatia na picha ya dubu wangu. Bahasha ndogo nimeipaka gundi, juu yake lami ya mashua. Ndani sikutia kitu. Jina langu halitoki nyumbani.

Jirani Kyllikki, mfuma mazulia ya vitambaa, kachungulia dirishani. Kauliza naandika nini. Nikasema barua ya kodi. "Mzee Taisto," akasema, "siku hizi watu wa kodi wanatumiwa hadi picha za dubu?" Macho ya mwewe, yule.

Ijumaa, 7 Machi
Kyllikki kapita uani mara mbili. Mara ya pili kamzunguka dubu wangu! Anapima. Kesho utamkuta kwenye zulia lake. Nikamkatakata dubu, nikamtia kwenye tanuri la sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke. Picha wanayo waamuzi, inatosha. Sauna haijawahi kupata joto lile. Dubu wangu ni bora hata akiungua.

Jumanne, 1 Aprili
Gazeti linasema Kijana wa Msituni kashinda. Bahasha yake ni tupu, mwenyewe ajitokeze ofisini mwisho Ijumaa. Nikacheka sana. Siku ya Wajinga! Wamtafute mwingine. Hilkka kavaa koti, kaniletea na langu. Nikalirudisha msumarini.

Ijumaa, 4 Aprili
Hilkka kanipeleka kwa nguvu. Karani, binti mdogo, akauliza, "Kijana mwenyewe yuko wapi, babu?" Nikamwambia anamtazama. Nyuma yangu wazee wawili, nao eti ni vijana wa msituni. Wezi! Karani akataka kumwona dubu. Nikasema tumemwogea saunani. Akaacha kuandika. Akauliza nani aliniona nikijaza fomu. Nikamtaja Kyllikki, akapigiwa simu. Kyllikki akasema ukweli wake: aliniona naandika, ila kwa kinywa changu nilimwambia ni barua ya kodi. Picha ya dubu aliiona, lakini dubu wa mbao kijijini kwetu yuko kila ua. Hilkka akafunga vifungo vya koti lake, akatoka mbele yangu.

Jumatano, 16 Aprili
Karakana kapewa mshindi wa pili. Kyllikki! Si nilisema? Jioni kaja na mkate mtamu wa iliki. Akasema, "Jirani, chumba kile kikubwa, mimi na kitanda changu cha kufumia hatukijazi. Chukua nusu, uje na msumeno wako." Nusu! Anataka dubu wangu wawe karibu, awaibe bila kuvaa viatu. Nikakataa. Mkate nimeula wote, usibaki ushahidi kwamba nilipokea kitu. Hilkka akamsindikiza mgeni, akarudi, akampigia simu mnunuzi. Msumeno umeondoka kabla ya kahawa kupoa.

Jumatatu, 28 Aprili
Tangazo jingine maktabani! Ruzuku kwa chipukizi wanaochonga kwa kisu. Kisu ninacho, Hilkka hajui kilipo. Safari hii nimewazidi akili wote. Jina la kubuni sikuandika, wasije wazee wakalidai. Picha sikutia, mtu asije akaiga. Fomu yenyewe nimeiacha nyumbani. Nimepeleka bahasha kubwa, tupu kabisa, gundi mistari mitatu. Waniibie sasa!