Mlezi wa Vijana na Kosta Nyeupe

Leo nimejiaibisha, jamani. Nimejiaibisha asubuhi kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na filimbi shingoni.

Nimeingia nyumbani sasa hivi. Hata viatu sijavua. Naandika haraka kabla hamjaisikia kwa wengine, maana Iringa yetu hii ni ndogo.

Wengi mnajua nimerudi kwa vijana. Mume wangu, Baba Lusajo, alipofariki mwaka jana kule Iyunga, Mbeya, nilifunga nyumba nikarudi kwetu Iringa, na tangu hapo nakaa mimi na redio. Watoto wana maisha yao. Mchungaji akaniona nimejikunja benchi la nyuma, akaniambia, "Mama Lusajo, nasikia ujanani ulikuwa moto. Njoo uwe mlezi wa vijana." Nikamwambia nitaomba kwanza. (Sikuomba. Nilikubali kabla hajafika mlangoni, nisije nikasikia amempa mwingine.)

Leo ilikuwa safari yangu ya kwanza nao. Mkutano wa vijana, kijiji kimoja njia ya Idodi. Sura zao bado sijazishika, isipokuwa Bahati, mwenyekiti wao. Jana akanipigia: "Mama, tusubiri pale sheli karibu na kwako. Kosta nyeupe. Utuchangamshie watu, asubuhi huwa wanasinzia."

Nikafika mapema, baridi inakata masikio. Kosta nyeupe hiyo hapo, inajaza mafuta. Ndani vijana watupu, wamejikunyata kwenye majaketi. Kijana mmoja mrefu akanifungulia mlango, akanipokea mkoba kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Baridi kweli."

(Hapo ndipo ningejiuliza. Pole ya nini?)

Nikapewa kiti cha mbele. Gari likaondoka.

Kimya. Tumepita Kalenga, hakuna hata anayekohoa. Msichana wa kiti cha pili ameegemeza kichwa dirishani, macho mekundu. Nikajisemea, hawa watoto wanakesha kwenye simu hawa.

Nikasimama. Nikapuliza filimbi, nikawasalimu kwa Kihehe.

"Kamweneee!"

"Kamwene," wakajibu watatu, wanne.

"Nikisema vijana, mnasema moto! Vijana!"

"Moto."

"Mbona mmepoa hivyo? Kwani mmefiwa?"

Ndiyo. Nimesema hivyo. Kwa mdomo huu huu ninaopokelea Chakula cha Bwana.

Wakaangaliana. Kisha yule mrefu akaitikia kwa nguvu, "Moto, mama!" Wengine wakamfuata. Basi nikapata mori! Nikataka kila mtu amgeukie jirani yake amwambie, "Jirani, ukinuna utazeeka mapema!" Wakaambiana. Nikaomba makofi ya kilo. Wakanipa. Yule msichana wa dirishani nikamnyanyua kwa mkono, nikamchezesha pambio katikati ya viti. Gari likaruka shimo, nikaangukia ndoo ya maua, makalio yakazama humo. (Maua nayo niliyaona tangu mwanzo. Nikadhani ya madhabahuni.)

Msichana akacheka. Akacheka kweli, mkono mdomoni.

"Mnaona sasa! Vueni na hayo majaketi, damu itembee!"

Wakavua. Chini ya majaketi wote wana fulana nyeupe, na kwenye kila fulana uso ule ule wa kijana anatabasamu. Maandishi ya chini sikuyasoma. Miwani ilikuwa kwenye mkoba.

"Heee! Mmetengeneza sare mpya, mlezi wenu mmeniacha na ya njano! Na huyu hendsam wenu nani? Mbona leo hajaja?"

Dereva akapunguza mwendo. Aliyenijibu ni yule msichana, taratibu, kama anayeogopa kuniumiza.

"Shangazi, si ndiye Deo. Kaka yangu. Ndiye tunaenda kumzika."

Jamani.

Nilikaa, sijui juu ya nini. Nikajaribu kusema mimi si shangazi, mimi ni mlezi wa vijana, lakini filimbi nilikuwa nimeirudisha mdomoni bila kujua. Kila nikipumua inalia. Fiii. Fiii. Yule mrefu ndiye aliyenitolea.

"Tuliambiwa shangazi wa Mbeya atapandia pale sheli, na hata huyu dada yake Deo alimwona mwisho akiwa mtoto mdogo," akasema. "Ulivyoanza zile kelele tukadhani uchungu umekuzidi. Tukaona tukufuatishe tu, mama."

Yaani muda wote ule walikuwa wananihurumia mimi.

Simu ikaita. Bahati.

"Mama, uko wapi? Tuko sheli hatukuoni."

"Nimetangulia. Naenda msibani."

"Msiba wa nani?"

"Wa Deo."

"Deo yupi?"

"Simjui, mwanangu."

Nikamsikia akiulizana na watu pembeni. Kisha akasema, "Mama, kuna mama hapa analia, anasema gari la msiba limemwacha."

Tungegeuza tungechelewa maziko. Bahati akasema tusihangaike, njia ni moja, watamleta wao mpaka Idodi.

Njia yote iliyobaki nilikaa na yule msichana. Anaitwa Zawadi. Wazazi na mwili walitangulia jana, waliomo garini ni wenzake Deo wa chuo. Deo alitoka kununua chapati, akagongwa na pikipiki. Basi. Chapati tu.

"Mama, mimi nimecheka," akaniambia. "Kaka yangu yuko kwenye sanduku, mimi nacheka. Nimekosa, eti?"

Nikamwambia kwamba siku tunamzika Baba Lusajo, shemeji yangu aliteleza kwenye tope akaenda chini na kofia yake, nami mjane mzima nikacheka ndani ya kanga, watu wakanishika wakidhani nazimia. Kisha nikalia kweli. "Hukukosa, mwanangu," nikasema. Akaniegemea begani, akalala. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kulala begani kwangu.

Idodi jua kali, jeneza liko uani. Fulana yangu ni ya njano, sare ya vijana wetu, imeandikwa FURAHA TELE. Nikajitanda kanga. Ikafunika FURAHA, TELE ikabaki nje.

Kosta yetu ikafika. Vijana wangu wakashuka, njano tupu kama vifaranga, wamemshika shangazi wa kweli huku na huku. Hakuna aliyewatuma waimbe. Bahati alianzisha, wale wanachuo wakapokea, na pale kaburini fulana nyeupe na za njano zikachanganyika mpaka hukujua nani kashuka gari lipi. Mkutano wetu tukaukosa. Sikusikia hata mmoja akilalamika.

Mimi nilikaa na kina mama, nikalia. Nilimlilia mtoto nisiyemjua, na sitawadanganya, nilimlilia na wangu humo humo.

Wakati wa kuondoka shangazi akanifuata. Nikajiandaa kutukanwa.

"Ni wewe uliyekalia kiti changu?"

"Ni mimi, dada. Nisamehe sana."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye madoa ya ile ndoo ya maua. "Zawadi ameniambia," akasema. "Mimi ningepanda, tungelia tangu sheli." Akanishika mkono kidogo, akarudi kukaa na mama yake Deo.

Haya, nimesema yote. Najua kuna mtu hapa tayari ameshika mbavu. Cheka, ndugu yangu, ila jifunze: ukikuta watu wamepoa, kabla hujawachangamsha, waulize kwanza wanakwenda wapi.