Meza ya Shangazi Mwanaasha

Jumanne, 3 Agosti 1993

Shangazi Mwanaasha anakuja kula kwetu Jumapili! Ana chumba kitupu kwake Upanga, anataka mtoto mmoja wa kaka zake akakae naye. Ni mie au binamu yangu Mfaume wa Kiwalani. Kwa Mfaume anakula Ijumaa. Hapa Temeke nalala na wadogo zangu watatu, mmoja anapiga mateke. Chumba hicho nakitaka kweli.

Tatizo ni kuongea. Mtu mzima akinitazama, baada ya shikamoo ulimi unakwama. Basi meza itaongea badala yangu. Nimechukua kitabu cha Sayansi Kimu alichokiacha dada Farida alipoolewa, nakisoma nikiwa nimekificha ndani ya daftari la Fizikia. Mvulana wa kidato cha tatu anayejua uma unakaa kushoto! Mungu anisitiri.

Alhamisi, 5 Agosti

Leo Tandika, kwenye mitumba. Nimepata kitambaa cha meza cheupe, kizito, cha kitajiri kabisa. Kufika nyumbani nakikunjua, pembeni kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni mali ya wodi ya wazazi na kisitolewe nje. Haidhuru. Bakuli la achari litakaa palepale.

Vyombo ndiyo ishu. Kwenye harusi ya dada Farida, shangazi alimwazimisha Mama sahani zake mpya za ukingo wa dhahabu. Zikarudi za ukingo uleule, lakini zimechubuka, na chini zina doa la kijani. Shangazi anasema wifi yake kambadilishia mchana kweupe. Mama anaapa alirudisha alichokabidhiwa na walioosha. Kuulizia mtaani aliona aibu, maana kuulizia ni kama kukubali. Miaka mitatu sasa, wakikutana wanasalimiana kama wako mahakamani.

Kwa hiyo Mama hataki kusikia neno sahani. Nitatafuta mwenyewe, kimyakimya.

Ijumaa, 6 Agosti

Habari mbaya kutoka Kiwalani. Mfaume katandika nailoni yenye picha za mananasi. Kaweka glasi za maua. Na vijiti vya kuchokolea meno! Halafu kamwigiza mwalimu wake mkuu, shangazi kacheka mpaka machozi. Hapo mie nimeshashindwa.

Zimebaki leso za mezani. Nitazikunja umbo la kipepeo. Kitabu kinasema zitiwe wanga kidogo. Kidogo ndiyo kiasi gani? Nimekoroga muhogo sufuria nzima.

Jumamosi, 7 Agosti

Leso zimekauka. Zinasimama zenyewe. Moja imeanguka sakafuni ikalia ko! Kuku wamezifuata mpaka kwenye kamba, moja wameidonoa pembe. Hiyo itakuwa yangu.

Jioni nikajikaza, nikaenda kwa jirani yetu Mama Gozbert. Kabati lake la vyombo ndilo fahari ya mtaa. Nikasema shikamoo, halafu nikalinyooshea kidole. Akacheka, akaniuliza, "We Khalfani, unaoa?" Kanipa sahani sita. Zinang'aa! Na ukingo wa dhahabu, kama zile anazolilia shangazi. Bahati iliyoje! Atafurahi huyo!

Jumapili, 8 Agosti

Shangazi kaingia, kaiona meza, kasimama mlangoni. Kanitazama kwa heshima. Mie! Mama kaleta pilau kutoka uani. Shangazi akataka kukunjua leso. Haikunjuki. Akaivunja kama biskuti. Bado nikawa na matumaini.

Kisha akaitazama sahani yake. Akaigeuza. Chini, nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Kila mwanamke ana alama yake ili vyombo visipotelee kwenye shughuli za watu, na nyekundu ni ya shangazi.

"Wifi," akasema polepole, "ndiyo unanipakulia kwenye sahani yangu mwenyewe?"

Mama kabaki na mwiko hewani. Baba akawa anaichunguza achari. Nikaelewa kwamba nikinyamaza, Mama ni mwizi mpaka kufa. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikatoka mbio.

Nilirudi namvuta Mama Gozbert kwa ncha ya kanga, yeye na unga mikononi. Akazigeuza sahani, akashika mdomo. Alama yake yeye ni kijani, rangi iliyobaki walipopaka mlango. Naye alituazimisha sahani kwenye harusi ya dada Farida, na tangu zirudi hakuwahi kuzigeuza. Vyombo vya kabatini, kasema, vinatazamwa kwa mbele. Aliona zimetakata, akadhani kuna mtu kazisugua vizuri.

Mama akaanza kucheka, na shangazi akafuata. Shangazi akamwambia, "Nisamehe wifi yangu, nimekusema mpaka Bagamoyo." Mama akasema anajua, salamu zilimfikia.

Wakahamia mkekani, pilau kwenye sinia moja, Mama Gozbert katikati. Meza tukabaki nayo mie na Baba.

Wakati wa kuondoka shangazi kasema atanichukua mie. Mfaume ana maneno mengi, na yeye shangazi anataka kusikiliza redio yake kwa amani. Nimeshinda kwa kunyamaza!

Jumamosi, 21 Agosti

Upanga. Kitanda changu peke yangu! Nalala nimenyooka kama chaki.

Na kuna meza ya chakula ya kweli, viti sita. Imezikwa chini ya cherehani na nguo za kushona. Tunakula mkekani. Haiwezekani.

Ghorofa ya juu anakaa Bi Zarin, ana kitambaa cha lesi kilichofumwa na mama yake. Leo nimemkuta anakianika. Nikasema shikamoo, nikakinyooshea kidole. Kaniazimisha, kasisitiza kirudi. Hakina alama yoyote! Nikaona nikiwekee nukta pembeni, tusije tukasahau kwamba ni cha watu. Humu ndani kuna rangi moja tu ya kucha, ya shangazi, nyekundu. Imekamata vizuri, haitoki hata kwa sabuni.

Sasa natafuta muhogo.